Kanisa la Malishoni

Nyumbani kwetu kuna kalenda kuukuu ambayo mama hataki iondolewe ukutani. Picha yake ni kanisa jeupe lililosimama malishoni, ng'ombe wakila nyasi kando yake. Rafiki yangu alipoiona alicheka. "Ah, kanisa zuri hivyo ni la mjini! Hao ng'ombe wamechorwa tu!" Tukabishana hadi giza likaingia. Kesho yake nikaenda maktaba.

Kanisa hilo ni Wieskirche, lililoko Steingaden, Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Jina Wies lenyewe maana yake ni malisho.

Chanzo chake ni sanamu iliyokataliwa. Watawa wa Steingaden waliiunga mnamo 1730 kwa vipande vya mbao na kitambaa, wakaitumia katika maandamano ya Ijumaa Kuu. Ilimwonyesha Yesu akipigwa mijeledi, nayo ikawatia watu huzuni mno hata ikawekwa kando. Mkulima mmoja, Mama Maria Lory, akaichukua nyumbani kwake. Mwezi wa Juni 1738 ikasemekana imetoa machozi. Basi! Mahujaji wakamiminika, kikanisa kidogo kikawa hakitoshi.

Fundi Dominikus Zimmermann alianza kujenga kanisa kubwa mwaka wa 1745, likamalizika 1754. Mtindo wake huitwa Rokoko, ambao naweza kusema ni kitinda mimba wa Baroki. Kaka yake, Johann Baptist, ndiye aliyechora dari, na hapo ndipo mimi niliposhika tama. Ukiangalia juu waona mbingu imefunguka, kuba refu ajabu. Kumbe dari yenyewe karibu ni bapa! Ni mbao zilizopigwa plasta na kuning'inizwa kwenye boriti za paa. Kina chote kile ni rangi. Tena kwa kuwa mbao si nzito kama mawe, nguzo zikawa nyembamba na madirisha makubwa, mwanga ukajaa ndani.

Gharama ziliwatia watawa madeni. Mwaka wa 1803 serikali ilifunga nyumba yao, pakawa na shauri kanisa libomolewe. Wakulima wa pale wakakataa katakata, likapona. Tangu 1983 limo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Dominikus mwenyewe alijenga nyumba papo hapo karibu na kanisa, akaishi humo hadi kufa kwake 1766.

Haya yote nimemsomea rafiki yangu. Sasa anakubali kanisa ni la shamba. Ng'ombe, asema, bado ni wa kuchorwa.