Kuanguka Kabla ya Kuangusha

Katika dojo, yaani ukumbi wa mazoezi ya judo, somo la kwanza si kumwangusha mwenzako bali kuanguka. Mwanafunzi huanza akiwa amechuchumaa, baadaye akiwa amesimama: huinamisha kidevu kifuani, huanguka chali na kupiga mkeka kwa mikono ili kichwa kisalimike. Jigoro Kano, aliyeasisi judo mwaka 1882, aliongoza pia chuo cha walimu mjini Tokyo. Ng'ambo ya Bagamoyo, huko Unguja, Mjapani Tsuyoshi Shimaoka alianza kuwafundisha vijana mchezo huo miaka ya 1990.

Nasi walimu tuzingatie utaratibu huu. Mtoto anayeogopa kukosea hanyoshi mkono darasani. Hatuna budi kumzoeza kwanza kukosea bila kuchekwa wala kuchapwa, ndipo tumdai jibu sahihi.