Kabla Hujashusha Giaboksi

Mwenye Porsche 911 ya miaka ya sabini akilalamika kwamba mkono wa gia umelegea, na kwamba ya pili haipatikani mpaka aipapase kama mtu anayetafuta swichi gizani, hukumu hutoka upesi: giaboksi imekufa, ishushwe. Hukumu hiyo ni nzito. Katika gari hili injini na giaboksi kwa kawaida hushushwa pamoja, na kuifungua giaboksi ya 915, iliyotumika kuanzia matoleo ya 1972 hadi 1986, kunahitaji fundi mbobezi na spea za bei kali. Nasema giaboksi isihukumiwe kabla bushi hazijakaguliwa. Bushi hizo ni vipande vidogo vya plastiki vilivyoko katikati ya kiganja cha dereva na giaboksi yenyewe, na vikiisha huleta dalili ambazo lawama yake hubebwa na mwingine.

Ili kuelewa, tuifuate amri ya dereva inakopita. Injini ya 911 imekaa nyuma kabisa. Giaboksi iko mbele yake, usawa wa viti vidogo vya abiria wa nyuma. Mkono wa gia uko mbali, kati ya viti viwili vya mbele. Amri husafirishwa na rodi ndefu iliyofichwa ndani ya handaki la sakafu. Mbele, kikombe cha plastiki hukumbatia gololi iliyo kwenye ncha ya chini ya mkono wa gia. Nyuma, kiungo huishikanisha rodi na shafti inayoingia giaboksi, na ndani ya kiungo hicho mna bushi mbili zinazoshika pini. Rodi ikizunguka huchagua mstari: wa moja na mbili, wa tatu na nne, au wa tano na rivasi. Ikisukumwa au ikivutwa, huingiza gia. Plastiki iliwekwa pale kwa sababu njema, kwani haili chuma na humeza mtetemo. Lakini miaka arobaini ya joto na grisi iliyokauka huikakamaza, huipasua, na mara nyingine huisaga ikawa unga. Nafasi inayobaki huonekana ndogo, ila mkono wa gia huikuza: tuseme sehemu iliyo juu ya egemeo ni ndefu mara nne kuliko iliyo chini, basi milimita mbili za ulegevu kwenye gololi huwa nane kiganjani, kabla hata hujajumlisha ulegevu wa kiungo cha nyuma.

Huu si usumbufu wa mkono tu. Rodi isipozunguka kikamilifu, mstari unaochaguliwa unaweza kuwa siwo. Dereva aliye kwenye ya tatu kwa kasi, akiitaka ya nne akaangukia ya pili, huilazimisha injini kuzunguka kupita uwezo wake, na valvu zinaweza kupinda papo hapo. Hata pasipo ajali hiyo, gia inayoingizwa nusu husaga meno yake kila siku, hivyo bushi zilizopuuzwa huweza kuiua kweli ile giaboksi iliyosingiziwa kufa. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Kuzikagua hakuhitaji kushusha chochote. Zulia la nyuma hukunjwa, kibati kilicho juu ya handaki hufunguliwa, na kiungo huonekana. Injini ikiwa imezimwa, mtu mmoja autikise mkono wa gia huku mwingine akitazama: rodi ya mbele ikizunguka kwanza wakati shafti ya nyuma imetulia, ulegevu umeonekana kwa macho. Ukarabati wenyewe unadai subira kuliko nguvu. Gari huwekwa katika nyutro, na kabla ya kulegeza klampu, alama huchorwa mahali kiungo kiliposhika shafti. Kiungo hutolewa, pini husukumwa nje, na bushi mpya huingizwa kwa kubanwa taratibu kwenye jiliwa, si kwa nyundo. Kikombe cha mbele nacho hubadilishwa, grisi mpya hupakwa, kisha rodi hupangwa upya hadi gia zote ziingie bila kulazimishwa. Upangaji huu ndio moyo wa kazi. Bushi mpya zilizofungwa vibaya hukataa gia kama zile kuukuu.

Yupo atakayesema kwamba mara nyingine giaboksi ndiyo mbovu kweli. Ni kweli, na ndiyo maana mpangilio wa ukaguzi una maana. Ikiwa rodi imeshapangwa vizuri na ya pili bado inasaga, mtuhumiwa ni sinkronaiza, pete inayolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana. Rivasi ikisaga gari likiwa limesimama, tazama klachi kwanza. Lakini ushahidi huo hausomeki wakati bushi zinacheza, kwa kuwa dalili zote huchanganyika. Wengine hupendekeza bushi za chuma ili kazi isirudiwe. Kwa gari la mashindano wana hoja, maana chuma hakibonyei. Kwa gari la matembezi, chuma huleta kelele ya giaboksi hadi kwenye kiti na hudai grisi mara kwa mara. Plastiki iliyodumu miongo haijashindwa kazi.

Pingamizi gumu zaidi ni la wanaosema magari ya zamani ndivyo yalivyo. Historia ya barabara zetu inawakatalia. Katika Safari Rally ya 1978, Vic Preston Jr. wa Kenya alimaliza wa pili akiendesha 911 SC, toleo lililotoka kiwandani na giaboksi ya 915, na Björn Waldegård alimaliza wa nne kwa gari kama hilo. Mwaka 2011 Waldegård alishinda East African Safari Classic kwa 911, wakati ambapo magari ya aina hiyo yalikwishakuwa ya kale. Ulegevu, basi, si tabia ya gari. Ni deni la matunzo. Anayetaka kulilipa aanzie kiganjani, aifuate amri hatua kwa hatua kuelekea nyuma, na giaboksi iwe mwisho wa safari hiyo.