Kikosi cha Kenya cha Nyakati Zote: Wastani Hautoshi

Anayetaka kuwachagua wachezaji 11 bora katika historia ya kriketi ya Kenya hushawishika kufungua jedwali la wastani na kunakili majina kuanzia juu kwenda chini. Atapata kikosi dhaifu. Wastani wa mpigaji ni mikimbio yake yote ikigawanywa kwa idadi ya mara alizotolewa, na hesabu hiyo haisemi ni nani aliyekuwa akimrushia mipira. Katika historia ya Kenya, hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote.

Tuweke mipaka kwanza. Mechi za kimataifa za siku moja huupa kila upande mipira 300, yaani ova 50 za mipira sita sita. Kenya ilizicheza kuanzia Februari 1996, ilipokutana na India mjini Cuttack kwenye Kombe la Dunia, hadi Januari 2014, ilipopoteza hadhi ya kuzicheza katika mashindano ya kufuzu huko New Zealand. Ninawaacha nje, kwa uchungu, wale waliokwenda Uingereza mwaka 1975 katika timu ya Afrika Mashariki pamoja na Waganda, Watanzania na Wazambia. Frasat Ali aliwapiga New Zealand mikimbio 45 mwaka ule, lakini jezi haikuwa ya Kenya na mechi tatu hazitoshi kumpima mtu.

Ndani ya miaka hiyo 18 kuna zama mbili zisizofanana. Hadi mwaka 2003, Kenya ilikutana zaidi na mataifa makubwa: India, Sri Lanka, Afrika Kusini, West Indies, Australia, na Zimbabwe ilipokuwa na nguvu. Kuanzia 2006 ratiba ilijaa Bermuda, Kanada, Uholanzi na Scotland. Mikimbio 50 dhidi ya Bermuda na mikimbio 50 dhidi ya Australia huandikwa kwa wino uleule kwenye jedwali. Mimi siwezi kuipa uzito uleule. Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza kwa kila jina ni hiki: alifanya nini siku alipokabiliwa na warushaji wakali kuliko wenzake walivyozoea?

Kwa kipimo hicho, ufunguzi ni wa Kennedy Otieno. Mwaka 1996 aliwapiga Australia mikimbio 85 mjini Visakhapatnam. Mwaka uliofuata, jijini Nairobi, yeye na Dipak Chudasama walifungua kwa ushirika wa mikimbio 225 dhidi ya Bangladesh. Otieno alifika 144, Chudasama 122, na Kenya ikamaliza na 347. Tena Otieno alidaka nyuma ya wiketi, jambo linalotuachia nafasi ya mpigaji mmoja zaidi. David Obuya na Maurice Ouma walivaa glavu hizo baadaye, ila hawamkaribii kwa upigaji. Wa kufungua naye ninamchagua Ravindu Shah badala ya Chudasama. Shah alikuwa na utulivu wa mtu asiyeharakishwa na kelele za uwanja, na mikimbio yake 70 mjini Gwalior mwaka 1998, siku Kenya ilipoishinda India kwa mikimbio 69, ilipatikana ugenini mbele ya umati wa India.

Wa tatu hana mjadala. Steve Tikolo alicheza Makombe matano ya Dunia, akafunga zaidi ya mikimbio 3,000 na kuchukua wiketi zaidi ya 90. Ukitaka kuelewa ukubwa wake, tazama mechi ya Kandy mwaka 1996. Sri Lanka ilikuwa imefunga mikimbio 398, idadi ambayo wakati huo ilikuwa haijawahi kuonekana katika mechi za kimataifa za siku moja. Timu nyingi zingekufa moyo. Tikolo aliingia akapiga 96 na Kenya ikafika 254. Ilishindwa kwa mbali, lakini hakuna aliyeuona upigaji ule akabaki na shaka kwamba angepata namba katika timu yoyote duniani.

Wa nne ni Maurice Odumbe, na hapa wengine wataniacha njiani. Mwaka 2004 alifungiwa miaka mitano kwa uhusiano wake na wacheza kamari, na doa hilo liliuumiza mchezo wetu kwa muda mrefu. Sitaki kulifuta. Ila kikosi hiki kinapima kilichofanyika uwanjani, na uwanjani Odumbe ndiye nahodha aliyeiongoza Kenya kuishinda West Indies mjini Pune mwaka 1996, akichukua wiketi tatu kwa mikimbio 15 wakati wapinzani walipoporomoka kwa 93. Ndiye aliyepiga 83 kule Gwalior. Kumwondoa ni kuandika historia yenye ukurasa uliochanwa.

Wa tano na wa sita ni Tanmay Mishra na Hitesh Modi. Modi anapiga kwa mkono wa kushoto, na mrushaji anayelazimika kubadili mstari wake kila wapigaji wanapovuka upande hukosea mara nyingi zaidi. (Ni yeye aliyetolewa mwaka 2006 na mwamuzi Subhash Modi, baba yake mzazi, kwa mguu uliozuia mpira mbele ya wiketi.) Mishra ni mtoto wa zama za pili, ila alijithibitisha mbele ya Australia mwaka 2011 mjini Bangalore kwa mikimbio 72.

Siku hiyohiyo Collins Obuya alibaki bila kutolewa akiwa na 98, na ndipo lilipo swali gumu kuliko yote, kwa sababu Collins ni wachezaji wawili. Yupo kijana wa mwaka 2003 aliyezungusha mpira kwa kifundo cha mkono na kuchukua wiketi tano za Sri Lanka kwa mikimbio 24 pale Nairobi Gymkhana. Yupo pia mtu mzima wa 2011, ambaye mzunguko ule ulikuwa umempotea akajijenga upya kuwa mpigaji. Kanuni ninayoifuata ni kwamba mchezaji huchaguliwa kwa alichokifanya kwa muda mrefu zaidi, si kwa kilele chake kifupi. Uzungushaji wake uliwaka kwa msimu mmoja. Upigaji wake ulidumu miaka. Anaingia wa saba kama mpigaji, na ova atakazorusha zitakuwa nyongeza.

Uamuzi huo unaathiri urushaji wote. Mrushaji mmoja haruhusiwi kuzidi ova 10, kwa hiyo ova 50 zinahitaji mikono isiyopungua mitano. Tikolo, Odumbe na Collins wakigawana ova 10, ninahitaji wanne tu wa kazi hiyo, na ndiyo maana nimeweza kuwabeba wapigaji saba. Udhaifu wa Kenya ulikuwa kwenye upigaji. Kikosi kilichojaa warushaji kingeurudia.

Thomas Odoyo anaufungua mpira mpya na kupiga wa nane. Alikuwa mchezaji wa kwanza kutoka taifa lisilocheza mechi za Test kufikisha mikimbio 1,500 na wiketi 100 katika mechi za siku moja. Upande wa pili ni Martin Suji, ambaye wiketi zake tatu kwa mikimbio 19 mjini Bloemfontein ziliivunja Zimbabwe na kuifikisha Kenya nusu fainali ya Kombe la Dunia la 2003. Peter Ongondo anafuata, bahili wa mikimbio hata mpira ukishachakaa.

Na katikati ya ova, Aasif Karim wa Mombasa. Alikuwa amestaafu baada ya 1999, akarudishwa akiwa na miaka 39. Mjini Durban, tarehe 15 Machi 2003, aliwarushia Australia mipira 50, akatoa mikimbio 7 na kuwaondoa Ponting, Lehmann na Hogg. Australia ilishinda mechi hiyo, na bado yeye ndiye aliyetajwa mchezaji bora. Hakuwa na mpira wa ajabu. Alikuwa na mpira uleule mwepesi, uliotua pale pale, mbele ya watu waliozoea kuwaburuza warushaji wote wa dunia.

Nahodha ni Tikolo. Karim na Odumbe nao waliwahi kuongoza, na Odumbe ana ushindi wa Pune, ila Tikolo aliivusha timu katika mashindano mazima ya 2003 dhidi ya Sri Lanka, Bangladesh na Zimbabwe.

Aliyekatwa mwisho ni mrushaji Rajab Ali. Ndiye aliyemtoa Brian Lara wa West Indies mjini Pune, mpira ukaishia mikononi mwa mwenzake Tariq Iqbal, akamaliza na wiketi tatu kwa mikimbio 17. Nimemweka nje kwa sababu ya Mishra na Modi, nikijua kwamba mwingine angemwingiza na kumtoa Mishra. Sina hoja ya kumnyamazisha atakayefanya hivyo. Uwanja wa Gymkhana ukiwa na majani mabichi asubuhi, mimi mwenyewe ningempa Rajab namba hiyo.