Picha Zilizotoka Sebuleni: Kudidimia kwa Uchoraji wa Lubumbashi

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mchoraji wa Lubumbashi, mji wa shaba wa Katanga, kusini mwa Kongo, hakuhitaji jumba la maonyesho. Alitafuta gunia la unga lililokwisha kazi, akalikaza kwenye fremu ya mbao, akalipaka rangi ya chini, akaanza kuchora. Picha zikishakauka alizibeba kwapani akapita nazo nyumba kwa nyumba katika mitaa kama Katuba na Kenya, au akazipanga kando ya barabara. Wanunuzi wake walikuwa wafanyakazi wa migodi, makarani, walimu. Bei ilikuwa ndogo, hivyo ili ale ilimbidi achore upesi na auze nyingi.

Alichora nini? Kile ambacho mwenye nyumba alitaka kukitazama kila jioni. Mamba muntu, mwanamke nusu samaki mwenye nywele ndefu, saa mkononi na nyoka ubavuni, anayempa mtu mali na kumdai kikubwa zaidi. Wavamizi na misafara yao ya watumwa. Bomba refu la kiwanda cha shaba. Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliyeuawa nje ya mji huohuo tarehe 17 Januari 1961. Na ile iliyoitwa Colonie belge: mfungwa amelazwa chini, askari mweusi anamchapa kiboko, ofisa Mbelgiji amesimama akitazama, bendera inapepea juu yao. Mgeni akikaribishwa sebuleni aliiona, akauliza, na mwenyeji akaanza kusimulia habari za baba yake. Wakati huo Rais Mobutu alikuwa amekwisha kuzima siasa zote za ushindani, na aliyesimulia kiboko cha Mbelgiji aliweza kuwaza viboko vingine bila kuvitaja.

Mtu aliyeupeleka uchoraji huu mbali kuliko wenzake ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1947. Naye aliishi kwa kuuza picha moja moja kama wenzake, lakini alijihesabu kuwa mwanahistoria. Kati ya 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi yake kwa mfululizo wa picha 101, akazieleza moja baada ya nyingine kwa Kiswahili cha Katanga mbele ya Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha chuo kikuu cha hapo. Mazungumzo hayo yalitoka kitabuni mwaka 1996, na picha zimehifadhiwa Amsterdam. Mchoraji mwenyewe hajulikani alipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Wapo wanaosema uchoraji huu ulijiua wenyewe kwa kurudiarudia mada zilezile. Siafiki. Kurudia ndiko kulikoulisha. Mnunuzi hakutafuta kitu ambacho jirani yake hana. Alitaka simulizi ambayo mtaa mzima unaijua, nyumbani kwake, kwa mkono wa mchoraji aliyemchagua. Kilichoanguka ni mshahara wa mnunuzi huyo.

Union Minière, kampuni ya Kibelgiji iliyotaifishwa mwaka 1967 na baadaye kuitwa Gécamines, ilikuwa imejenga zaidi ya migodi. Ilijenga makambi ya familia, shule na hospitali, ikagawa posho ya chakula, na kwa miongo kadhaa ikafanya nyumba ya mfanyakazi iwe na sebule yenye viti, redio na ukuta unaostahili kupambwa. Mwaka 1986 Gécamines ilizalisha shaba zaidi ya tani 470,000. Mwaka 1990 mgodi wake wa Kamoto uliporomoka. Mwaka uliofuata askari wasiolipwa walipora miji. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya eneo jirani la Kasai walifukuzwa Katanga kwa maelfu, wakiwemo mafundi, makarani na walimu, wateja halisi wa wachoraji. Kufikia 1993 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Mtu ambaye mshahara wake umecheleweshwa kwa miezi haagizi picha.

Hata hivyo, maelezo hayo peke yake hayatoshi, maana shaba imerudi. Mwaka 2023 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 2, mara kadhaa ya kilele cha Gécamines, lakini picha hazikurudi ukutani. Shaba ya leo inachimbwa kwa mashine kubwa na watu wachache, wengi wao wakiajiriwa kwa mikataba mifupi kupitia kampuni za kati, au na wachimbaji wadogo wanaolala karibu na shimo. Utajiri huo haujengi sebule. Wakati huohuo televisheni imechukua nafasi ya mazungumzo ya jioni, na makanisa ya uamsho yamemhesabu mamba muntu kuwa pepo. Mama aliyeokoka hawezi kumwacha akining'inia juu ya meza ya chakula.

Kinshasa wachoraji waliokoka kwa njia nyingine. Chéri Samba, mmoja wao, alialikwa Paris mwaka 1989 kwenye maonyesho ya Magiciens de la terre, na wanunuzi wa Ulaya wakashika nafasi ya wale wa mtaani. Lubumbashi nayo ina Biennale tangu 2008, iliyoanzishwa na kituo cha sanaa kiitwacho Picha, na Sammy Baloji amepiga na kuunganisha picha za magofu ya Gécamines zinazouma moyo. Naiheshimu kazi hiyo sana. Lakini inatazamwa zaidi na wageni, wasomi na vijana wa sanaa. Fundi wa Katuba hainunui, wala mchoraji hapati mtu wa kumwambia kwamba kofia ya askari haikuwa hivyo, kwani yeye alikuwepo.

Watu wa namna hiyo, wastaafu waliokuwa na Colonie belge ukutani mwaka 1975, bado wapo wachache, na umri umekwenda. Kanda alizorekodi Fabian zimehifadhi sauti ya mchoraji. Sauti za walionunua, zilizoeleza kwa nini picha ile na si nyingine, nyingi hazijarekodiwa na yeyote. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kiko kilomita chache tu kutoka Katuba, na wanafunzi wake wanazungumza Kiswahili kilekile.