Jinsi Tulivyounda Presi ya Haidroli kwa Vyuma Chakavu

Ukifika Kariobangi Light Industries hapa Nairobi siku yoyote ya kazi, masikio yako yatakupa habari kabla ya macho. Nyundo zinalia, greinda zinapiga mayowe, na moshi wa kuchomelea unakukaribisha kabla hujasalimiwa na mtu. Baadhi yetu tumelelewa humo. Kengele ya mwisho ikilia hapa shuleni, mimi huenda moja kwa moja hadi gereji ya baba, nikavua shati la shule na kushika spana. Ndimo nilimoona, muhula wa kwanza mwaka jana, jambo lililonifanya niandike makala haya.

Baba alikuwa akitoa beringi kwenye habu ya gurudumu la matatu. Beringi huingizwa kwa kubanwa hasa, isicheze hata kidogo, kwa hivyo ikiisha maisha yake haitoki kwa kubembelezwa. Inataka kusukumwa kwa nguvu iliyonyooka, tani kadhaa, na kwa utaratibu. Fundi asiye na mashine ya kusukumia hushika nyundo na tindo. Baba alipiga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sasa, chuma cha beringi kimetiwa ugumu kwa moto kiwandani, na chuma kigumu mno hakipindi, bali hupasuka mithili ya glasi. Kipande kidogo kama punje ya mtama kiliruka kikamdunga chini ya unyusi wa kushoto. Lo! Damu ilivyomtiririka usoni, nilidhani jicho limekwenda.

Jicho lilipona. Alishonwa nyuzi tatu, akakaa nyumbani siku nne bila kazi, na pesa zangu za chakula cha mchana zikachelewa wiki mbili. Aliporudi gereji alishika nyundo ileile, kwa sababu kupeleka beringi kwa jirani mwenye presi kulikuwa shilingi 300 kila moja, na foleni juu. Presi mpya ya dukani nayo ilipita mapato yake ya miezi miwili.

"Baba, mbona tusiunde yetu?" nilimwuliza.

"Wewe soma kwanza," akanijibu huku akicheka.

Kumbe nilikuwa nimeshasoma! Katika kidato cha kwanza sote tulifundishwa Fizikia ya shinikizo, lile ambalo kamusi nyingine huliita kanieneo. Wengi wetu tulikariri kanuni ya Pascal ili tupite mtihani, tukaisahau kwenye dawati. Blaise Pascal, Mfaransa aliyeishi kati ya 1623 na 1662, alieleza kwamba ukikisukuma kiowevu kilichofungiwa ndani ya chombo, shinikizo hilo huenea kila upande bila kupungua. Mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza kufuli, alipata hataza ya presi inayotumia kanuni hiyo. Mtengeneza kufuli, bwana! Huyo angeishi leo angekuwa jirani yetu pale Kariobangi.

Hebu tupige hesabu kidogo, na wasiopenda hesabu wanivumilie. Moyo wa presi yetu ni jeki ya chupa, ile jeki fupi nene ya kuinulia malori. Ndani yake mna pistoni mbili zinazogawana oili moja. Ndogo tuliipima tukapata kipenyo cha milimita 10, na kubwa milimita 40. Eneo hufuata mraba wa kipenyo, kwa hivyo pistoni kubwa ina eneo mara 16 ya ndogo, na kwa kuwa shinikizo ni moja, nguvu yake nayo ni mara 16. Juu ya hayo kuna mpini. Kutoka kwenye egemeo hadi mkononi ni sentimita 50, na kutoka egemeo hilo hadi pistoni ndogo ni sentimita 2.5, yaani mara 20. Zidisha 16 kwa 20 upate 320. Nikiukandamiza mpini kwa uzito wa kilo 25 tu, upande wa pili zinatokea kilo 8,000, tani nane, ukiacha zile chache zinazoliwa na msuguano.

Msidhani ni bure, lakini. Mpini ukishuka sentimita 32, pistoni kubwa hupanda milimita 1 tu. Utapampu hadi kwapa lilowe jasho. Ila mtu wa kilo 50 kama mimi anaweza kusukuma kitu ambacho wanaume wawili wenye nyundo wamekishindwa.

Jeki yenyewe tuliipata kwa muuza vyuma chakavu, imeandikwa tani 12, inavuja kama ndoo ya bibi. Tuliifungua, tukaiosha kwa dizeli, tukabadilisha zile pete za mpira zinazozuia oili, ambazo mafundi huziita sili. Hapa nataka kusema jambo. Wako mafundi wanaojaza jeki mafuta ya breki kwa kuwa ndiyo yaliyo karibu. Mafuta ya breki huvimbisha na kuharibu sili za jeki nyingi. Tumia oili ya haidroli. Na ukishaijaza, legeza skrubu ya kuteremshia na uipampu mara kadhaa bila mzigo ili hewa itoke, maana hewa hubonyea nayo oili haibonyei hivyo. Jeki yenye hewa ndani hudunda kama mpira.

Vyuma vya fremu vilitoka kwenye chesi ya lori dogo iliyokuwa imekatwakatwa. Vina umbo la mfereji, na sisi huviita chaneli. Baba alikataa kuvinunua mpaka apewe risiti. Nilimwona ananikawiza tu, lakini alikuwa na sababu. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa kwa ajili ya wizi wa nguzo na nyaya za umeme, na Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inamtaka muuzaji awe na leseni. Kuna siku tuliletewa kipande cha reli, kizito na kizuri ajabu, kwa bei ya maandazi. Baba alimwambia yule kijana apite njia aliyokuja nayo.

Mchoro niliuchora mimi nyuma ya daftari la Jiografia. Miguu miwili ya chaneli yenye kimo cha mita 1.5, boriti ya juu inayoiunganisha, na chini yake kitanda, yaani boriti nyingine ya kuwekea kazi, inayoweza kupandishwa na kushushwa kwa pini zinazopenya matundu ya miguuni. Katika mchoro wa kwanza jeki ilining'inia kichwa chini kutoka boriti ya juu, ikisukuma kuelekea kitandani. Ilipendeza kweli kwenye karatasi. Tulipoifunga hivyo na kupampu, hakuna kilichotokea. Jeki ya chupa huvuta oili kutoka sehemu ya chini ya tangi lake, kwa hivyo ukiipindua huvuta hewa. Binamu yangu, ambaye ni mwanagenzi wa baba, alinicheka siku nzima.

Dawa yake ni rahisi. Jeki husimama wima juu ya bamba linalotembea katikati ya miguu, kichwa chake kikigusa boriti ya juu. Ukipampu, jeki inajaribu kuiinua boriti. Boriti haiendi popote, kwa hivyo bamba ndilo linaloshuka, na chini ya bamba kuna nguzo fupi ya chuma inayosukuma beringi. Springi mbili ndefu za kuvuta, tulizozifukua kwenye debe la gereji, hulirudisha bamba juu ukilegeza skrubu.

Kisha tukaja kwenye ubishi. Binamu alisema sakafu yetu ni saruji nyembamba na haitaweza tani nane. Wewe unaonaje? Hata mimi nilisita. Nilimwuliza mwalimu wetu wa Fizikia, naye badala ya kunijibu akaniambia nibonye kifutio kati ya kidole gumba na cha shahada. "Meza imesikia chochote?" akauliza. Haikusikia. Presi ni vivyo hivyo. Jeki inasukuma boriti juu na kitanda chini kwa nguvu ileile, na miguu ya fremu inavutwa kama kamba ya mashindano. Sakafu inabeba uzito wa vyuma tu. Tani zote nane zinabaki humo ndani ya fremu, zikitafuta mahali dhaifu pa kutokea.

Hilo la mwisho nililiandika vizuri daftarini, lakini sikulielewa hadi Jumamosi ya majaribio.

Kuchomelea kulikwenda sawa. Chuma kilichochomelewa husinyaa kikipoa na kuvuta fremu upande, kwa hivyo tulitia kwanza vidoa vya kushikilia tu, tukapima kutoka pembe hadi pembe mpaka vipimo viwili vya mshazari vikalingana, ndipo tukajaza. Boriti ya juu hatukuiachia uchomeleaji peke yake. Tuliipitishia bolti nne za milimita 20 zilizochapwa 8.8 kichwani. Namba hiyo ni ya nguvu ya chuma chake, na bolti isiyo na namba kichwani ni kama mgeni asiyetaja kwao.

Kosa lilikuwa kwenye pini za kitanda, na lilikuwa langu. Nilitumia vipande vya nondo ya milimita 12 kwa sababu vilikuwapo na matundu yalikuwa rahisi kutoboa. Tuliweka habu kuukuu kitandani, binamu akaanza kupampu. Mara ya kumi, ya ishirini. Mpini ukawa mgumu. Nikasikia chuma kinalalamika, sauti nyembamba kama mlango wa usiku. Baba akapaza sauti, "Acha! Ondokeni!" Binamu aliruka kando. Pini ya kulia ikapinda, ikachomoka, ikapiga ukuta wa mabati na kuutoboa palepale alipokuwa amesimama. Kitanda kikaanguka upande mmoja. Hakuna aliyesema neno. Binamu alilitazama lile tundu, akatia kidole, kikaingia chote.

Usiku huo nilifanya hesabu niliyopaswa kuifanya mapema. Tani nane ni kama niutoni 80,000. Pini ni mbili, na kila moja imeshikwa pande mbili, kwa hivyo kila sehemu inayokatwa hubeba niutoni 20,000. Nondo ya milimita 12 ina eneo la milimita mraba 113, ambayo ni niutoni 177 kwa kila milimita mraba. Chuma cha kawaida huanza kusalimu amri kikikatwa kwa niutoni kama 145. Kwa hiyo pini zangu zilikuwa zimekufa kabla hazijazaliwa. Pini ya milimita 25 ina eneo la 491, na mzigo unashuka hadi niutoni 41. Nilimpelekea baba karatasi asubuhi kabla ya chai. Aliisoma mara mbili, akanyamaza, kisha akaenda kukata kipande cha ekseli cha milimita 25. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

Tulitoboa matundu upya. Mbele ya fremu tulining'iniza bamba la chuma lenye bawaba kama mlango mdogo, maana beringi inaweza kupasuka hata chini ya presi. Hakuna anayegusa mpini mlango huo ukiwa wazi. Miwani ya kinga imefungwa kwa mnyororo mguuni mwa presi ili asiwepo wa kusema haioni.

Kwa wale watakaojaribu, hili moja baba alinifunza wala halimo kitabuni. Unapoingiza beringi kwenye habu, sukuma pete ya nje. Unapoiingiza kwenye shafti, sukuma pete ya ndani. Ukikosea, nguvu yote inapitia kwenye gololi, zinatia vishimo ndani, na beringi mpya italia barabarani kama nyuki wa debeni. Sisi hutumia pete ya beringi kuukuu iliyosagwa kidogo kama kifaa cha kusukumia.

Beringi ya kwanza ya mteja ilitoka mwezi wa nane. Nilipampu mimi. Ilikaidi, ikakaidi, kisha ikasema "ta!" na kuteleza hadi kwenye kopo la chini. Baba aliiokota, akaifuta girisi kwa kitambaa, akaikagua karibu na lile jicho la kovu. Akaniambia nilete nyingine.

Jeki bado inashuka kidogo ikiachwa na mzigo usiku kucha. Nashuku sili ya pistoni kubwa, na tutaifungua likizo hii. Mwanachama anayetaka kuiona aje Jumamosi baada ya saa nane mchana, avae viatu vilivyofunika vidole, na asije na hamu ya kusimama karibu na ule ukuta wa mabati. Tundu tumeliacha vivyo hivyo.