Rimu Inapotoka Damu ya Mzee

Dawa ikipulizwa kwenye rimu huonekana kama maji tu. Dakika mbili tatu zikipita, michirizi huanza kujitokeza kwenye pembe za mikono ya rimu: kwanza waridi, kisha zambarau, mwishowe damu ya mzee inayotiririka mpaka kwenye tairi. Anayeiona mara ya kwanza hudhani gari limeunguzwa rangi. Kisha harufu inamfikia, na kama aliwahi kupita saluni miaka ile ya kalikiti, ataitambua papo hapo.

Pua yake haijakosea. Kiambato kikuu cha dawa nyingi za aina hii ni thioglikoleti, kemikali ile ile iliyotumika kulegeza nywele kabla ya kuzisokota. Kwenye nywele huvunja vifungo vya salfa vinavyoupa unywele umbo lake. Kwenye rimu hufanya kazi nyingine: huikamata kutu, ambayo kwa kawaida haiyeyuki majini, na kuigeuza kuwa kitu kinachoyeyuka na kusuuzika. Kitu hicho ndicho chenye rangi ya zambarau. Basi palipo na zambarau pana chuma. Lakini rimu yenyewe ni ya alumini. Chuma kimetoka wapi?

Kimetoka kwenye breki, na kimetoka kikiwa cha moto. Gari la kilo 1,500 linalokwenda kilomita 100 kwa saa limebeba nishati ambayo, likisimamishwa kabisa, karibu yote hugeuka joto kwenye diski na pedi. Joto hilo lingetosha kuchemsha karibu lita 2 za maji ya chai. Kila dereva anapokanyaga breki, pedi huisugua diski ya chuma cha kalibu, na vyote viwili hulika kidogo kidogo. Ndiyo maana pedi huisha, na ndiyo maana diski nayo hupungua unene. Kilicholika hakipotei. Sehemu yake huruka hewani, sehemu hudondoka barabarani, na nyingine hutua kwenye kitu kilicho karibu kuliko vyote, yaani rimu.

Hapo ndipo sabuni ya kawaida inaposhindwa. Matope hukaa juu ya rangi na maji huyaondoa. Chembe ya breki hutua ikiwa na joto, hushika kwenye vernishi, kisha hupata unyevu na kuanza kuota kutu. Kutu hutanuka na kujibana mahali pale. Kwenye miji ya pwani kama Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, hewa yenye chumvi huharakisha kazi hiyo, na gari lililoachwa wiki tatu bila kuoshwa huonyesha vitone vya rangi ya kahawia ambavyo kitambaa hakivitoi.

Magari hayachafuki sawa. Rimu za mbele hutangulia kuwa nyeusi, kwa kuwa gari linapofunga breki uzito huegemea mbele na breki za mbele hufanya sehemu kubwa ya kazi. Kwenye magari mengi madogo, nyuma hakuna diski kabisa. Kuna ngoma, na vumbi lake hubaki limefungiwa ndani. Aina ya pedi nayo ina neno lake. Magari ya Kijapani, ambayo ndiyo mengi kwenye barabara za Afrika Mashariki, mara nyingi hutoka kiwandani na pedi zenye chuma kidogo, tulivu na zisizotoa vumbi jingi. Watengenezaji wa Ujerumani, wenye wateja wanaokwenda mbio kwenye barabara kuu zao, wamependelea pedi zenye chembe za metali, zinazouma sawasawa hata zikiwa na joto kali. Mwenye BMW au Mercedes-Benz hulipia uimara huo kwa kuosha rimu kila mara.

Na Wajerumani hao hao ndio waliotoa moja ya rimu ngumu kuliko zote kusafisha. Mwaka 1970, katika mji mdogo wa Schiltach kwenye Msitu Mweusi, Heinrich Baumgartner na Klaus Brand walianzisha kampuni iliyochukua herufi za majina yao na la mji wao: BBS. Rimu yao ya RS, iliyotoka miaka ya 1980, imesukwa kama wavu. Mikono myembamba inapishana, na bolti ndogo zimezunguka ukingo mzima. Ni nzuri mno kuitazama. Lakini kila kona ya wavu ule ni kiota cha vumbi, na vidole vya mtu mzima haviingii.

Mbele ya kazi kama hiyo, mwoshaji aliyechoka hutafuta njia ya mkato, na njia za mkato karibu zote huiumiza rimu. Stilwaya hukwaruza vernishi, kisha huacha vipande vyake vya chuma ambavyo navyo huota kutu. Dawa kali za tindikali, na zile zenye kostiki soda, hushambulia alumini yenyewe. Mpishi analijua hili kuliko fundi: sufuria ya alumini iliyochemshiwa maharage kwa magadi huwa nyeusi kwa ndani. Alumini hulindwa na utando mwembamba wa oksaidi, na utando huo hauvumilii asidi kali wala magadi makali.

Kuna hatari kubwa kuliko rimu kuharibika. Baadhi ya dawa za kung'arisha rimu zina asidi haidrofloriki au chumvi zinazoizalisha. Ikigusa ngozi, maumivu yanaweza kuchelewa kwa saa kadhaa, huku floraidi ikipenya na kuikamata kalisi ya mwili. Ikiingia kwa wingi huvuruga mapigo ya moyo. Kijana anayeosha magari bila glavu, akiwa amemiminiwa dawa kwenye chupa isiyo na lebo, ana haki ya kujua ameshika nini. Anayemwajiri ana wajibu wa kumwambia.

Njia salama ni ya polepole. Rimu iachwe ipoe, kivulini, kwa kuwa dawa ikikaukia kwenye rimu ya moto huacha madoa. Kwanza maji mengi, kisha shampuu, ndipo dawa ya chuma isiyo na asidi kali, gurudumu moja moja. Rangi ikijitokeza, brashi laini hupita kwenye mikono, brashi ya rangi ya nyumba iliyo safi huingia pembeni, na mswaki wa zamani humalizia matundu ya nati. Kisha kusuuza kabla haijakauka. Ndoo na sponji ya rimu zisiguse bodi kamwe, kwani chembe zile ni metali na zitachora rangi. Mwisho gari liendeshwe taratibu na breki zikanyagwe mara mbili tatu, ili diski zikauke.

Gereji nazo zina jambo la kubadilisha. Kwa miongo mingi pedi zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo nyuzi zake husababisha saratani ya mapafu na ya utando wake. Fundi anayepuliza vumbi la ngoma kwa kompresa hulivuta yeye na wote waliomzunguka. Kitambaa chenye maji kinatosha.

Maji yale ya zambarau nayo huenda mahali. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2010 ya kupunguza shaba kwenye pedi, baada ya kuonekana kwamba inafika mitoni, ambako huharibu uwezo wa samaki aina ya salmoni kunusa. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni za Euro 7 za mwaka 2024, umeweka kikomo cha vumbi la breki lenyewe: miligramu 7 kwa kilomita kwa magari mengi madogo, na 3 kwa yale ya umeme tupu, ambayo mota zake husaidia kupunguza mwendo na kuzipumzisha pedi. Saba inaonekana ndogo. Kwa kilomita 20,000 ni gramu 140.

Wahandisi walikuwa wameshaanza kujibu. Mwaka 2017 Porsche ilitoa diski ya chuma iliyofunikwa kwa tabaka la tangsteni kabaidi, gumu kiasi kwamba diski hailiki ovyo, na kampuni ikasema vumbi hupungua hadi asilimia 90. Kalipa zake, zilizokaa pale pale vumbi linapozaliwa, ilizipaka rangi nyeupe.