Je, Wajua? Taa ya kawaida hukuza miche ya nyanya

Katika nchi za baridi kama Kanada, mbegu za nyanya husiwa ndani ya nyumba wiki 6 hadi 8 kabla ya kupandwa bustanini. Kichanja cha gharama nafuu cha kukuzia miche hiyo huhitaji rafu ya mbao, taa nyeupe za LED na minyororo ya kuzining'iniza. Mwanga mweupe una rangi nyekundu na buluu, ambazo klorofili hufyonza zaidi. Taa huwekwa sentimita 5 hadi 10 juu ya miche na kuwashwa saa 14 hadi 16 kwa siku. Zikiwa mbali, miche hurefuka, hudhoofika na kulala. Ili umbali usibadilike, taa huinuliwa kadiri miche inavyokua. Kabla ya kuhamishwa, miche huzoeshwa jua na upepo kwa siku 7 hadi 10.